Kikombe cha Chai ya Shayiri

Katika wodi ya walevi heshima huachwa mlangoni pamoja na mikanda na kamba za viatu. Maeng Gi-tae, fundi wa kuchomelea meli, mtu ambaye huko bandarini Ulsan aliamkiwa kwa kuinamiwa, humu aliitwa "wewe" na muuguzi Seon-ok, binti wa rika la mwanawe. Wewe, panua mdomo. Wewe, inua ulimi. Akimeza dawa husifiwa kama mbuzi aliyejiingiza zizini mwenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa na haja moja tu. Jumamosi bintiye anaolewa, kiti cha baba wa bibi harusi kinamngoja, na ruhusa iko mkononi mwa Daktari Pyo. Tangu theluji ya kwanza Gi-tae hakuwa ameonja hata tone. Mikono ilishaacha kutetemeka.

Daktari akaingia, macho mekundu kama pilipili ya kusaga. Jana yake idara nzima ilikwenda kuchoma nyama na kunywa, kama desturi, na soju, ile pombe kali ya Kikorea, ilikuwa bado inamtoka vinyweleoni. Lakini yeye hakuwa mlevi. Yeye alikuwa mkurugenzi.

Seon-ok akaleta chai ya shayiri. Gi-tae akashika kikombe, akageuza uso kando, akaziba kinywa kwa kiganja, akanywa. Ndivyo alivyolelewa: mdogo hanywi pombe akimkodolea macho mkubwa wake. Ila chai hainywewi hivyo, kila mtoto wa Korea anajua. Ni ile harufu ya soju iliyojaa chumbani. Shingo iliitii kabla kichwa hakijaulizwa.

Pyo akamgeukia muuguzi, wakacheka.

"Umemwona? Hata chai anainywa kama soju. Ubongo umesharowa huu."

"Samahani sana, Daktari. Ni adabu tu," akasema Gi-tae. "Na hii harufu..."

"Harufu gani?"

Seon-ok akatazama dirisha. Gi-tae akamkumbuka jirani yake wa kitanda, aliyewahi kujibu swali kama hilo kwa ukweli, akalala amefungwa mikono na miguu mpaka alipojikojolea.

"Hakuna, Daktari."

"Unaona?" Pyo akamwambia muuguzi, kana kwamba mgonjwa ni kabati. "Anasikia harufu ya pombe isiyokuwepo. Huyu abaki mpaka vuli."

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na shahada ya kutoliona.

Jumamosi kiti cha baba alikikalia shemeji yake.

Vuli ilipofika wakamleta tena, chumba kilekile, harufu ileile, chai ileile. Safari hii Gi-tae hakugeuka. Alikiinua kikombe akamtazama daktari usoni.

"Jeuri," akasema Pyo. "Hata mkubwa wake hamjui. Mrudisheni."

Gi-tae hakusimama. Aliendelea kunywa chai yake, polepole, macho hayabanduki kwenye pua nyekundu ya daktari, mpaka ikaisha.