Fisiokrate wa Mudaka

Mwalimu Bisimwa alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya mjini, mtaa wa Muhumba, na mwaka ule wa 1974 hakuna kilichomnyima usingizi kama Eulalie. Nyumbani waliendelea kumwita hivyo, ingawa serikali ilikwisha kukataza majina ya ubatizo. Jumamosi moja mwalimu akavaa abakosti yake mpya, ile suti isiyo na tai, akashika njia ya kijiji cha Mudaka kwenda kujitambulisha kwa baba wa binti, muzee Adalbert.

Alipokewa vizuri. Wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, huku muzee akiwasema wachuuzi wa soko la Nyawera na makarani wa mjini: wote hao wanapitishiana tu mikononi kile ambacho udongo umetoa. Bisimwa karibu aruke kwa furaha. Wiki ile ile alikuwa amekutana na wazo hilo katika kitabu cha Kiingereza, pamoja na jina lake.

"Papa," akasema, "weye iko fisiokrate kamili."

Kibuyu kikabaki hewani. Muzee akamgeukia binti yake, akauliza polepole, "Eulalie, huyu mugeni wako ameniita fisi mu nyumba yangu?"

 Mwalimu akaeleza mbio mbio kwamba Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, nao Wafaransa waliliunga kwa Kigiriki. Fisi huyo wa Wagiriki hana mkia wala meno; ni fisis, maumbile, kile kinachoota chenyewe. Na kratos ni nguvu, utawala. Basi fisiokrate ni mtu anayeamini kwamba maumbile ndiyo yanayotawala, na utajiri wote unatoka shambani.

Muzee akatafakari. Akataka kujua kama hao Wafaransa walikuwa wakulima.

Bisimwa angeweza kudanganya, lakini ualimu ulimzuia. "Mukubwa wao alikuwa munganga wa mufalme, Papa."

"Munganga. Jembe alishika?"

"Sizani."

Muzee akaingia ndani, akatoka na jembe, akamkabidhi. Kufika saa sita mwalimu alikuwa amelima mistari mitatu iliyopindapinda, abakosti imejaa udongo, viganja vimetoka malengelenge. Eulalie alicheka hadi akaegemea mgomba. Muzee akaikagua mistari ile, akairudia yote mwenyewe, kisha akamwambia mgeni arudi Jumamosi ijayo, na nguo nyingine.

Alirudi Jumamosi nne. Ya tano, muzee akaita ndugu zake, wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari.