Atakayekuwepo

Mchana wa siku ya mahafali, wenzake wakiwa uwanjani wanapiga picha na ndugu zao, Ambwene alipanda kitandani katika bweni la wasichana, akajifunika shuka gubigubi, akaota.

Kwao hakuja mtu. Mama yake alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo, na baba alibaki kumwangalia. Hilo Ambwene alilielewa, hakumlaumu mtu. Kilichomfukuza uwanjani kilikuwa kitu kingine, kidogo sana, ambacho hata angemsimulia mtu kingeonekana si kitu.

Asubuhi ile mvua ya Tukuyu ilimchelewesha mgeni rasmi. Kidato cha Nne wakakaa darasani na sare zao zilizonyooshwa kwa pasi, wakisubiri. Gwamaka, ambaye hajawahi kujua kunyamaza, akapanda juu ya kiti cha mwalimu akaanza kutabiri. Alikuwa akimnyooshea kidole mmoja baada ya mwingine, na darasa likimsaidia. Yeye mwenyewe atakuwa mtu mkubwa. Tusekile ataing'arisha shule. Subilaga atafika mbali; hilo lilisemwa na watu wengi kwa pamoja. Subilaga ndiye rafiki wa Ambwene tangu Kidato cha Kwanza, wanalala kitanda kimoja cha deka, yeye chini, Ambwene juu. Kidole kikafika kwa Ambwene. Gwamaka akafikiri. Darasa likafikiri.

"Wewe Ambwene," akasema mwishowe, "wewe utakuwepo."

Wakacheka, si kwa ubaya. Ambwene naye akacheka. Kisha gari la mgeni rasmi likaingia getini, wakatoka mbio.

Sasa ndotoni, darasa lao liko juu ya mti. Ni mnazi, ingawa Tukuyu haina minazi, nao umechongwa vidato vya kukwelea. Darasa limekaa kwenye kidato cha nne, pamoja na madawati, ubao na kila kitu. Ambwene haoni ajabu. Anachojiuliza ni kwa nini miaka yote hii hakuwahi kutazama chini. Anatazama. Kwenye kidato cha tatu wamekaa Kidato cha Tatu, wanapunga mikono.

Mlango unafunguliwa, inaingia kengele ya shule. Ni ileile ringi ya gari inayoning'inia nje ya ofisi ya walimu. Inabingirika hadi kwenye kiti cha mwalimu, inakaa, inakohoa.

"Nikikuita, itika," inasema. "Ukishaitika, chukua ulichoambiwa, uende."

Inamwita Gwamaka. Gwamaka anaitika, anakuwa mkubwa. Anakuwa mkubwa hadi magoti yake yanaziba madirisha, na inambidi aombe radhi, aondoe mabati, apate pa kupitishia kichwa.

"Huku juu kuna baridi," anasema. Hasikiki tena.

Tusekile anatoa kitambaa mfukoni, anaanza kusugua kuta. Anasugua mpaka shule nzima inang'aa na watu wanafumba macho. Wanapofumbua, Tusekile hayupo.

Anaitwa Subilaga. Anatundika begi begani, anatoka mlangoni, anaanza kwenda. Hapandi wala hashuki. Anakwenda tu, hewani, kwa mwendo wa mtu anayewahi foleni ya maji. Ambwene anamwita amsubiri. Subilaga anageuka, anapunga mkono, anakuwa mdogo kama kunguni, kisha kama nukta, kisha mbali inamfunika.

Wengine nao wanaitwa, wanaondoka. Darasani wanabaki Ambwene na kengele.

"Ambwene."

"Nipo."

"Vizuri," inasema kengele. "Endelea."

Inabingirika kwenda nje, na mlango unaondoka nayo.

Basi Ambwene yupo. Miaka inaanza kuingia dirishani. Kila mwaka unafuta miguu, unamsalimu kwa adabu, unakwenda kukaa nyuma. Hakuna hata mmoja unaokuja kukaa naye dawati moja.

"Usihuzunike," dawati linamwambia. "Hata mimi nipo."

"Wewe ni dawati."

"Ndiyo," linasema dawati. "Na wewe je?"

Ambwene anainuka. Anafuta ubao ambao haujaandikwa. Anafagia. Anajiuliza kwa sauti habari za tangu asubuhi, anajijibu kwamba ni nzuri. Miaka huko nyuma inatazamana.

Ndipo anaposikia hodi.

"Karibu," anasema, ingawa mlango haupo. Mwanamke wa makamo anaingia kupitia pale ulipokuwa mlango. Amevaa miwani mizito na viatu vilivyoliwa visigino. Anakwenda moja kwa moja kwenye dawati la tatu kutoka dirishani, anajibana, anakaa, anapumua. Ambwene anamtambua kwa namna anavyopumua.

"Subilaga."

"Afadhali," anasema Subilaga. "Taja tena."

"Subilaga."

"Huko niliko wananiita Injinia. Nimefika mbali, mwenzangu, lakini nikifika, mbali inasogea. Hakuna anayejua kwamba nilikuwa nikimwona konokono nalia."

"Ulikuwa unapanda juu ya meza ya bwalo."

"Ndiyo!" Subilaga anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Nilikuwa napanda juu ya meza!"

Ambwene anamsimulia mengine: siku aliyolala wakati wa sala akajibu "nzuri" mahali pa "amina", siku walipochangia ndoo moja ya maji ya kuoga na ikamwagika. Subilaga anakula maneno hayo kama mtu aliyefunga. Akishashiba, anasimama, anajikung'uta.

"Haya, mimi napita. Nitarudi tena. Si utakuwepo?"

Ambwene anamzibia njia.

"Hukuniuliza mimi nafanya nini siku hizi," anasema.

"Unafanya nini?"

"Nipo."

Subilaga anakaa tena, polepole.

"Nani alisema uwepo tu?"

"Gwamaka. Nanyi mkacheka."

"Na mimi nilicheka?"

"Wewe ndiye uliyeanza."

Subilaga anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Pande mbili za pua yake kuna vishimo viwili, alama za miwani iliyokaa miaka mingi.

"Nilicheka kwa furaha," anasema. "Nilijua popote nitakapokwenda, nikirudi nitakukuta. Sikujua kama unaumia."

"Hukujua kama nami nataka kuondoka."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Mara kengele inaingia ikibingirika, na mlango unarudi nayo, kwa maana ni saa ya kuita majina ya jioni. Ni jina moja tu.

"Ambwene."

Neno linamjia mdomoni lenyewe, kwa mazoea. Analiuma. Linatapatapa kati ya meno.

"Ambwene!"

"Sipo," anasema Ambwene.

Kengele inawaza. Inazunguka kidogo upande huu, kidogo upande ule.

"Asiyekuwepo hawezi kusema hayupo," inasema. "Nani amesema?"

Ambwene anaganda. Miaka yote inainama, kila mmoja ukijifanya unafunga kamba za viatu.

"Mimi," linasema dawati.

"Wewe ni dawati."

"Ndiyo," linasema dawati. "Naye hayupo."

Kengele inaridhika. Ambwene anatoka mlangoni akiwa ameinama, kama anavyotoroka mwanafunzi mbele ya mwalimu asiyeona vizuri. Nje kuna upepo na shina la mnazi, na juu yake, pale ambapo kidato cha tano kingekuwa, pako laini. Hakuna aliyepachonga. Anapapasa kwa mguu. Anaogopa sana. Anapapasa tena, juu zaidi, anaweka uzito.

Nyuma yake Subilaga anasimama katikati ya darasa tupu, anageuka huku na huku.

"Ambwene!" anaita. "Ambwene wee! Uko wapi?"

Hakuna aliyewahi kumtafuta Ambwene kwa sauti kama ile. Inamvuta kwa nyuma kama mtu aliyeshika pindo la sketi. Inamuuma kutoitika. Haitiki. Anapandisha mguu wa pili.

"Ambwene! We Ambwene!"

Shuka lilivutwa. Mwanga wa alasiri ukamwingia machoni. Subilaga alikuwa amesimama juu ya kitanda chake cha chini, kidevu kwenye ukingo wa deka, shingoni ana shada la karatasi za kumetameta na kwenye shavu ana keki.

"Nimekuita wee, kimya!" alisema. "Mama anataka tupige picha wote, mpiga picha anaondoka, nami nimezunguka shule nzima. Sipigi bila wewe. Mbona ulitoka bila kuniambia?"

Ambwene alikuwa anamtazama pua.

Subilaga hakuwahi kuvaa miwani. Alikuwa na macho ya kusoma ubao kutoka dawati la nyuma. Lakini pande mbili za pua yake palikuwa na vishimo viwili, vimekolea, vimezeeka, naye alikuwa akivikuna kwa kidole kama mtu asiyejua anakuna nini.

"Unaniangalia nini?" Subilaga aliuliza. Kisha sauti yake ikashuka. "Nimekuita mpaka nikaogopa, ujue. Nilikuwa nakuona hapa umelala, lakini nikajiona kama naita nyumba isiyo na mtu. Ulikuwa wapi?"

Ambwene alikaa, akateremsha miguu, akapapasa kwa unyayo akitafuta ngazi ya kitanda.

"Nilitoka kidogo," alisema.