Kadi ya Mengesha

Yeshimebet alipostaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, Addis Ababa, alibaki na kurasa mia mbili za riwaya zilizotawanyika kwenye kompyuta, na nyumba ambamo hamkuwa na mtu wa kumwita jina tangu mumewe, Mengesha, afariki. Riwaya yenyewe ilihusu ndoa yao, ingawa majina aliyabadilisha. Binti yake Meklit, aliyeko Marekani, alimwambia kurasa hizo hazitakaa sawa mpaka apate programu ya waandishi, akamtumia tatu azijaribu.

Ya kwanza haikujua herufi za Kiamhari. Kila alichoandika kiligeuka miraba mitupu. Ya pili ilipanga matukio kwa tarehe, kazi safi kabisa, ila miezi yake ilikuwa kumi na miwili. Meklit alizaliwa Pagume, ule mwezi wa kumi na tatu, wa siku tano, unaofunga mwaka wa Kiethiopia, na programu haikuwa na pa kumweka. Yeshimebet akamhamishia Septemba, akatazama, akaona kama kamzaa mtoto wa mtu mwingine. Akaifuta.

Ya tatu ilimfaa. Kila mhusika alikuwa na kadi yake. Kwenye kadi ya mume akajaza umri, kazi, urefu, hata mchuzi wa shiro alioupenda, ule usio na pilipili nyingi. Chini kabisa palikuwa na swali: Anataka nini?

Siku tatu hakuandika neno. Miaka thelathini na mmoja alilala ubavuni mwa mtu yule, akijua hata goti lililomuuma mvua ikikaribia, lakini hilo hakulijua. Alipomuuliza Meklit, Meklit akamwambia abuni tu, kwani si riwaya? Kisha akaaga, anawahi kazini.

Siku ya nne asubuhi alikunywa kahawa peke yake, akampigia Admasu, mdogo wake Mengesha, aliyebaki kwao, mji wa Dessie. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana magonjwa na mvua.

"Shemeji," akasema mwishowe, "kaka yako alikuwa anataka nini maishani?"

"Kurudi huku. Kila akija alinipeleka kwenye kiwanja cha baba, akinionyesha. Hapa jiko, hapa mizinga ya nyuki."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Alisema wewe mtu wa Addis, ungekataa. Hakutaka kukuudhi."

"Hakuniuliza, Admasu. Hata siku moja."

"Najua, shemeji. Nilimwambia akuulize."

Walipoagana Yeshimebet aliandika kwenye kadi: kurudi Dessie, kufuga nyuki. Maneno yalikaa vizuri tu, kwa Kiamhari safi, naye akayatazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mwingine.

Jioni Meklit alipiga kuuliza amechagua ipi. Akamjibu ile ya kadi. Meklit akafurahi, akasema atailipia mwaka mzima. Habari za kiwanja Yeshimebet hakuzigusa.

Wiki ile aliandika sura mpya. Mume anaingia jikoni, anavuta kigoda, anakaa, anamuuliza mkewe kama watahamia Dessie. Sehemu hiyo ilimtoka kwa urahisi, akaisikia hadi sauti ya Mengesha. Ikabaki mke ajibu. Yeshimebet akajaribu ndiyo, akafuta; akajaribu hapana, akafuta. Akaiacha sura hapo, akafungua sura nyingine.