Mjusi Aliyehama na Nyumba Yake

Jumanne asubuhi Nasambu aliliosha kabati la kioo alilokuwa akiuzia mandazi, akalikausha, akawasha balbu yake na kumwingiza humo mjusi wake, Askari. Baridi ya Cheptiret haina huruma, na chumba alichopanga kilipigwa na upepo wa barabara kuu kutwa nzima. Alimwekea kifuniko cha soda chenye maji na kigae cha kujifichia. Askari akajibanza kwenye kona, akageuza uso.

Siku sita hakula. Nzi walipita mbele yake asiwatazame, na mbavu zikaanza kuhesabika. Kwa miaka minne Askari alikuwa ameishi nyuma ya picha ya marehemu Zachariah, mumewe Nasambu, katika nyumba ambayo wawili hao waliijenga Yamumbi tofali kwa tofali. Ploti waliinunua wao. Ila siku ya kuandika mkataba Zachariah alikuwa kazini, basi wakaandika jina la kaka yake mkubwa, Murunga, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo na kitambulisho mfukoni. Undugu ni undugu, walisema. Matanga yalipokwisha Murunga akaitoa ile karatasi, na Nasambu akatoka na masufuria mawili, kabati la mandazi na mjusi.

"Mum, wacha kumshikashika," bintiye Purity, anayesoma chuo kikuu huko Kesses, alimwambia kwa simu. "Mpatie kitu iko na harufu ya pale alikuwa anakaa."

Nasambu akaenda Yamumbi, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Aliomba kipande cha plasta ya ukuta, pale nyuma ya picha.

Murunga alicheka mpaka majirani wakatoka nje. "Ya mjusi? Chukua, shemeji. Chukua yote ukitaka!"

Kesho yake Askari alikula nzi watatu. Alhamisi, kando ya ile plasta, palikuwa na dirisha lenye ukubwa wa kiberiti, na nondo zake za buluu. Siku hiyo hiyo kule Yamumbi dirisha la sebule halikuwepo, na Murunga akatundika gunia. Ijumaa zikahama kuta. Jumamosi yakahama mabati, pamoja na lile lililotobolewa na mvua ya mawe, na Murunga akalowa kitandani. Nasambu alipangusa ukungu kwenye kioo, akaanza kuuzia mandazi kwenye beseni.

Jumatatu Murunga alifika akiwa na Mzee Kipyego wa Nyumba Kumi. Mzee alivaa miwani, akainama, akahesabu vyumba.

"Ni yenyewe," akasema, akaandika kwenye daftari.

"Basi arudishe!" Murunga akagonga kioo. Askari akakimbilia ndani, akafunga mlango.

Nasambu akamkemea. "Usigonge! Huyu ni mgeni hapa, bado anazoea. Si ulisema nichukue yote?"

"Nilikuwa nacheka tu."

"Ulicheka, lakini ulisema," Mzee Kipyego akamkata. "Majirani walisikia. Nyumba ulipeana." Kisha akavua miwani. "Lakini Mama Purity, ploti iko kwa jina yake. Hapo hata mimi sina la kufanya." Akala andazi moja, akaenda zake.

Mvua za Aprili zilipoanza, Murunga alipanda mahindi palipokuwa sebule. Yalistawi vizuri sana.

Tangu hapo, kila Jumapili watu wakitoka kanisani, Nasambu husimama penye ua kule Yamumbi akiwa na kikombe cha bati. "Shemeji, naomba udongo kidogo. Wa mjusi." Majirani hutoka kusikiliza. Murunga, ambaye siku hizi hata salamu huitoa kwa kupima, hujibu hapana, na Nasambu huondoka kichwa juu, bila haya hata chembe.

"Mum, amezoea?" Purity aliuliza juzi.

Nasambu alichungulia kabatini. Taa ya sebule ilikuwa inawaka. Askari alikuwa amelala nyuma ya picha ya Zachariah, picha ndogo kuliko stempu, mkia tu ukionekana.

"Yeye amezoea," akasema. "Mimi sizoei."

Akakisuuza kikombe na kukifudikiza karibu na mlango, kingoje Jumapili.