Kiti cha Mwalimu Mkuu

Muuguzi wa zahanati aliwafundisha wanafunzi wa darasa la nne habari za kisukari asubuhi nzima, nao wakamsikiliza vizuri mno. Alipowaambia kwamba anayekaa kutwa bila kuushughulisha mwili anajisogeza karibu na ugonjwa huo, darasa zima liligeuka kumtazama Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amejaa kwenye kiti chake pembeni, akisinzia.

Hakuna aliyetoa amri. Waliinuka, wakakizunguka kiti, wakakibeba pamoja na mwenyewe hadi uwanjani, wakaanza kukimbia.

"Nishusheni!" alifoka.

"Vumilia, Mwalimu," alijibu kiranja, akihema. "Tunakufanyisha mazoezi."

Muuguzi alijikaza asicheke, akawakimbilia. "Wanangu, wanaofanya mazoezi hapa ni nyinyi! Yeye bado amekaa!"

Walisimama, wakashauriana kwa minong'ono. Kisha wakamteremsha kwa heshima zote, wakamkalisha kiranja kitini, wakamwomba Mwalimu Mkuu abebe.

Muuguzi alidhani atawaka moto. Lakini mzee wa watu alivua koti, akakikumbatia kiti na kiranja wake, akaenda mwendo wa bata kuelekea golini, shule nzima ikimshangilia madirishani. Alifika akiwa hoi, jasho likimtiririka, lakini uso umechangamka kama wa bwana harusi.

"Dada," alimnong'oneza muuguzi, "wiki ijayo anakuja nani kuwafundisha?"

"Daktari wa meno."

Mwalimu Mkuu alifunga mdomo taratibu, akashika njia ya ofisini, mbio.