Habari ya Tumbo

Mkamburi aliisoma ile karatasi ya kliniki mara mbili, hasira zikampanda. Wiki kumi na mbili, na kila wiki mbele ya jina lake pameandikwa: hana tatizo.

Hana tatizo! Yeye aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu choo cha pale kijijini Mwanda kiko mbali na benchi. Yeye anayeenda haja mara nane kwa siku, damu tupu, na kujifulia leso zake mtu asione.

Alijiunga na majaribio haya ya dawa ya vidonda vya utumbo kwa ahadi moja tu. Nusu ya wagonjwa wangemeza dawa, nusu vidonge visivyo na dawa yoyote, na hakuna ambaye angejua amepewa nini. Ila ambaye hangekuwa na nafuu kufikia wiki ya kumi na mbili angepewa dawa yenyewe. Leo ndiyo siku aliyoisubiri. Na sasa karani Valentine anamwambia kwa upole, hapa kliniki ya Voi, kwamba kulingana na rekodi amepata nafuu, kwa hivyo aendelee na vidonge vyake vilevile.

"Nani alisema nimepata nafuu?"

"Ni wewe, mama. Kila Ijumaa nilikupigia simu nikakuuliza habari ya tumbo. Ukasema nzuri."

 Ni nani katika nchi hii huulizwa habari akajibu mbaya? Hata aliyefiwa husema nzuri, kisha ndipo aeleze msiba. Mkamburi naye alieleza, kila Ijumaa: damu, maumivu, usiku bila usingizi. Akamuuliza Valentine hayo yote aliyaandika wapi.

"Nilidhani tunapiga stori tu," Valentine akasema, macho chini.

Stori! Msichana wa Kaloleni, aliyelelewa kwa salamu hizihizi, amesikia damu akaiita stori. Mkamburi alitamani kumzaba kofi.

Mlango ukafunguka. Daktari Musyimi aliingia akitabasamu, mkono mbele.

"Mama, habari ya leo?"

Mkamburi hakuupokea ule mkono. Jibu lilimjia lenyewe mdomoni, kama lilivyomjia maisha yake yote, akalimeza.

"Mbaya," akasema.

Tabasamu la daktari likayeyuka. Akavuta kiti karibu. "Pole sana, mama. Mbaya kivipi?"

"Chukua kalamu kwanza."