Mgombea wa Kwenye Mvuke

Asubuhi chumba cha pasi cha hoteli hujaa mvuke, hata mtu huongea na mwenzake bila kumwona sura. Humo ndimo dobi mkuu, mjane waliyemwita Mama Kola kwa jinsi anavyonyoosha kola za mashati, alimokuwa akionana na mgombea wake wa urais wa Marekani.

Alimjua kwa redio tu. Mtangazaji alikuwa amemtafsiri: "Nimelea wanangu wawili peke yangu tangu mwenzangu afariki. Nikiwa rais, mzazi hatatenganishwa na mwanawe kwa sababu ya karatasi." Mama Kola aliweka pasi pembeni asikie vizuri. Tangu hapo mgombea akawa anamjia kwenye mvuke: mwanamke wa makamo, amevua viatu, amekaa juu ya rundo la mashuka akijikanda miguu.

"Karibu, dada," Mama Kola humwambia kimoyomoyo. "Wangu yuko huko kwako mwaka wa tisa."

Binti yake hakuwa na vibali. Akitoka Marekani, kurudi tena ndiyo basi. Juzi alipiga simu, sauti imemkauka. "Mama, nirudi, au nisubiri uchaguzi? Nitakupigia Ijumaa unijibu."

Leo ndiyo Ijumaa, na jibu lilikuwa tayari mdomoni: subiri, mwanangu, mwenzetu atashinda.

"Mbona unalichekea shuka?" aliuliza mkunja nguo, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno.

"Namwaza mgombea wangu. Mwanamke yule ana huruma."

"Mwanamke yupi tena?"

"Si yule mjane mwenye watoto wawili!"

Chiriku aliangua kicheko. Akachomoa gazeti kwenye yale ya kufungia mashati. "Mjane gani mwenye ndevu kama brashi ya viatu? Huyo ni mgane, mama! Kafiwa na mke!"

"Lakini redio ilisema 'mwenzangu'."

"Kwani mke si mwenzako?"

Mama Kola aliishika picha kwa vidole vyenye unyevu. Mwanamume alikuwa na macho mapole yaliyochoka, na kola yake imepinda upande mmoja. Hakumkasirikia. Mgombea hakuwa amedanganya mtu. Ila yule dada juu ya mashuka alikuwa ameinuka, akavaa viatu vyake, akayeyuka polepole, na pale alipokuwa amekaa palibaki mashuka tu.

Chiriku aliacha kucheka. "Pole, mama. Sasa mwanamume hawezi kutimiza ahadi?"

"Anaweza. Mungu amjalie, hata kura ningempa ningekuwa nayo. Lakini nilidhani namjua, Chiriku. Kumbe nilikuwa naongea na mvuke, na mwanangu nilitaka kumwambia aendelee kukaa kwa maneno hayohayo."

Simu ililia mfukoni mwa aproni. Alijifuta mikono mara mbili.

"Mama? Umefikiria?"

"Rudi nyumbani."

"Na uchaguzi?"

"Wenyewe watapiga kura. Wewe rudi, nikuone."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua ndoo kutoka kichwani, na sauti ya kitoto ya bintiye ambayo Mama Kola alikuwa ameisahau.

"Nitalala chumba kipi?"